Mdoli Ndani ya Vanila

Mguu wa Mama mdogo ulikuwa unakanyaga cherehani isiyo na kitambaa. Sindano ilipanda na kushuka hewani, haishoni chochote, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeniletea kichupa mpaka chini ya pua.

"Nusa. Usifikirie. Nusa tu, useme."

Nikanusa. Kwanza ulikuja utamu, laini, kama maziwa yaliyochemka kisha yakatulia. Nikataka kutabasamu. Halafu nyuma ya ule utamu, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango akasahau kuficha vidole vya miguu, kulikuwa na kitu kingine. Nilikijua. Kilikuwa kichwa cha mdoli mpya, yule wa plastiki, aliyeachwa juani.

"Inanuk…" nikasema.

"…ia," akamalizia Mama mdogo, na cherehani ikaongeza mwendo. "Nilijua. Nilimwambia yule mchuuzi, Matone, vanila hii ndiyo yenyewe. Inanukia, si umeona? Inanukia mpaka Nusu kafungua mdomo."

Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu, tena nyembamba kuliko zote. Mtu akiimeza, anaweza kupelekwa popote.

Na mimi nilikuwa mmezaji wa zamani. Tangu utotoni nilikuwa nakula mwisho wa maneno. Darasani, nikisimamishwa kusoma, sentensi yangu ilianza vizuri kisha ikazama kama jiwe ndani ya pipa, na wenzangu wakaimalizia kwa vicheko. Mama alipofariki nikaacha shule, sijamaliza hata darasa la tano, nikaja kuishi kwa mdogo wake. Yeye hakucheka. Alichofanya ni kunimalizia. Nikisema, "Naenda sok…" yeye anasema, "…oni, uniletee na uzi mweupe." Akanibandika jina la Nusu, kwa sababu, alisema, nampa nusu ya kila neno na nusu ya pili aitafute mwenyewe. Mara nyingi aliipata. Siku ile aliipata aliyoitaka.

Alikuwa na sababu ya kuitaka.

Mama mdogo alikuwa fundi wa nguo za harusi, na alikuwa anavuta sigara tangu kabla sijazaliwa. Midomo yake ilikuwa na kazi mbili: upande mmoja pini, upande mwingine sigara, na katikati alikuwa anaongea. Wateja walikuwa wanasema nguo yake inakukaa kama ngozi uliyozaliwa nayo, ila uianike kwanza. Aliwajibu kwamba bwana harusi akishaona shingo ilivyokatwa hatakumbuka kama ana pua. Hakuna aliyeweza kumwachisha. Mume alijaribu kabla hajaenda zake, kifua kilijaribu, hata mganga wa meno alijaribu akaambiwa ashughulike na magego.

Kisha Dada, binti yake, akajifungua. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, na kifua chake kikawa kinapiga filimbi. Alipopata nguvu ya kusafirishwa, Dada akapiga simu. Mama mdogo aliweka sauti ya wazi kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika satini, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, tunakuja Jumamosi. Daktari kasema moshi asiunuse hata uliolala kwenye pazia. Nikifika mlangoni nikasikia harufu ya sigara, nageuza hapohapo. Usinione mbaya."

"Nikuone mbaya kwa nini? Njoo, mwanangu."

Alikata simu. Halafu akainuka, akaivunja pakiti nzima juu ya jalala, kipande kwa kipande, kama mtu anayemenya maharage. Siku zilizofuata tulifua mapazia, tukasugua kuta kwa sabuni na siki, tukapandisha magauni yote juu ya paa yakapunga upepo mpaka majirani wakadhani kuna maharusi wanataka kujirusha.

Lakini mwili haufuliwi kwa sabuni. Mikono yake ilitetemeka, akadunga vidole, akanituma kitu kisha akasahau alichonituma. Ndipo akakubali ile vepu, kile kifaa cha kuvuta mvuke, aliyopewa na mteja mmoja. Dada alikubali kwa sharti: ngazi za nje tu, mlango umefungwa, na ni mkongojo, si mguu. Maji ya vepu ya dukani yalimshinda. Ya stroberi, alisema, ni kama kumbusu sabuni. Ya kahawa ni kama kulamba jiko. Basi Matone akamfundisha kuchanganya mwenyewe nyumbani.

Matone alikuwa mchuuzi wa arki za ladha, anapanda na kushuka maghorofa na kisanduku cha vichupa begani. Jina lilitokana na jibu lake la kila swali: matone mawili tu. Alituletea gliserini iliyokwisha tiwa nikotini kidogo, sindano isiyo na ncha ya kupimia, na maonyo. "Arki ya keki usitie humu, ina sukari, itaungua. Yenye mafuta usiiguse kabisa, itakukaa kifuani. Tumia hii, imeandikwa ni ya vepu." Mama mdogo akamwuliza kwa nini hafungui duka kama watu. "Kizuri chajiuza," akamwambia, "wewe kibaya chajitembeza." Matone akacheka, akasema hata bibi harusi hutembezwa, na hakuna anayemwita kibaya.

Mama mdogo alichagua vanila kwa sababu, alisema, haina maneno mengi. Alitaka kitu cha kukaa pale sigara ilipokuwa ikikaa, baada ya chai ya asubuhi, asikione, akijue tu kwamba kipo.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Na nilikuwa nimesema inanuk.

Nilijaribu kurekebisha. Naapa nilijaribu. Lakini Mama mdogo alikwisha kuwa mezani, anaimba wimbo usio na maneno, anafungua chupa kubwa ya gliserini.

"Mama mdogo, mimi nilikuwa nas…"

"…aidia, ndiyo, shika hii hapa. Usitingishe."

"Hapana, ile van…"

"…ila nzuri. Mimi mwenyewe nashangaa." Akadondosha. "Kama kidogo kinanukia hivi, kingi je?" Akadondosha tena. Kisha akatoa kizibo cha mrija, akamimina kichupa chote cha Matone ndani ya chupa kubwa, akaitikisa kwa mikono miwili huku akicheza mabega. Tangu simu ya Dada sikuwa nimemwona akicheza. Neno lilikuwa limekaa juu ya ulimi wangu, limeiva, na nikashindwa kulidondosha.

Akajaza vepu, akatoka ngazini, akafunga mlango.

Nikasikia kikohozi kimoja. Kisha kicheko kifupi ambacho hakikuwa kicheko.

Aliporudi uso wake ulikuwa umeshuka. "Nimekula ndoo," akasema. "Mdomo wangu umekuwa ndoo mpya, na karatasi yake ya bei bado imebandikwa." Akaiweka vepu mezani polepole, kama kitu cha mtu mwingine. "Najidanganya mimi. Mtu mzima nimekaa nachanganya manukato kama mtoto anayepika mchanga." Akajitupia mtandio begani. "Nakwenda hapo chini mara moja."

Hapo chini palikuwa mahali pamoja tu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda kinachouza sigara mojamoja.

Nilibaki na ile chupa kubwa. Nikasikia kandambili zake zikishuka, ghorofa ya pili, ghorofa ya kwanza. Nikawaza Dada amesimama mlangoni na kifurushi chake kinachopiga filimbi, pua juu, anageuka. Na Mama mdogo asingelia. Angekaa kwenye cherehani, aweke pini mdomoni upande mmoja, asiseme kitu mpaka mwaka uishe.

Nikafungua dirisha.

Alikuwa amekwisha vuka. Alikuwa mbele ya kibanda, mkono umenyooka, na muuzaji alikuwa anachomoa moja kutoka kwenye pakiti. Barabara ilikuwa imejaa watu wa saa kumi. Nilishika kizingiti, na kitu kilichokuwa kimelala tumboni mwangu tangu darasa la kwanza kikaamka, kikapanda, kikatoka.

"Mama mdogo, inanuka!"

Lilitoka neno zima, lina kichwa na mkia. Sikujua kwamba nina sauti kubwa kiasi kile. Nadhani ilikuwa imekusanyika. Barabara ikasimama. Fundi viatu aliyekuwa amekaa chini akainua unyayo wa kiatu cha mteja akautazama. Kijana mmoja aliyevaa shati la ofisini akainamisha pua kwapani kwa siri. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Nini kinanuka, mwanangu?" na mwenzake akamjibu, "Si unasikia, nyumba yao."

"Vanila!" nikasema. Sikuweza tena kusimama, ulikuwa mteremko. "Nilisema inanuka tangu mwanzo. Haikunukia. Ni wewe uliyenimalizia. Inanuka mdoli, na mdoli anatoka, Mama mdogo, usinunue, tutamtoa."

Mama mdogo alikuwa ameinua uso. Toka kule juu niliona weupe wa macho yake. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka, na sigara ilikuwa imefika karibu kabisa na vidole. Akasema kitu kwa muuzaji, akaurudisha mkono chini ya mtandio, akavuka barabara bila kutazama magari.

Muuzaji ndiye aliyenihadithia baadaye alichoambiwa. Aliambiwa, "Ngoja kwanza. Mwanangu kasema neno zima."

Alipanda ngazi kwa kishindo. Nilisimama katikati ya chumba nikisubiri kofi au kumbatio, sikujua lipi. Alifika akihema, na nyuma yake alikuwa Matone na kisanduku chake, maana alikuwa ghorofa ya chini akiuza, na asingeweza kukosa jambo kama lile.

"Umenitangazia mtaa mzima," Mama mdogo akasema, "kwamba nyumba yangu inanuka."

"Vanila."

"Nusu ya mtaa hawakusikia vanila."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Matone akasema akikaa bila kukaribishwa. "Shingo yangu imeshtuka. Nilidhani kuna maiti."

"Wewe nyamaza, mdoli ni wako." Akanigeukia. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. Alifunga midomo yake kwa vidole viwili, kabisa, kama mtu anayebana pindo kabla ya kushona. Akasubiri.

Nilielewa. Ilibidi nimalize mwenyewe.

Nikamweleza. Kwamba utamu unakuja kwanza na mdoli anafuata. Kwamba mdoli hakuwa mkali kwenye kichupa kidogo, lakini kwenye chupa kubwa alikuwa amevimba. Kwamba pua yake yeye imechoka kwa kunusa tangu asubuhi, na kabla ya hapo imechoka kwa moshi wa miaka, si kosa lake. Ilinichukua muda. Mara tatu midomo yake ilitaka kufunguka anisaidie, na mara tatu akaibana.

"Basi atoke vipi?" akauliza nilipofika mwisho.

Hilo sikulijua. Lakini macho yangu yalikuwa yameangukia kikapu cha makapi chini ya cherehani, kimejaa vipande vya bitana nyeupe, na mikono yangu ikajua kabla yangu.

Tulikata vipande virefu kama vidole. Matone akafungua kisanduku, akatoa kila vanila aliyokuwa nayo. Kila moja tuliichovyea vipande kadhaa: kimoja tone dogo, kingine zaidi, kingine kikalowa. Mama mdogo akafunga uzi kutoka komeo la dirisha mpaka msumari wa kioo, nami nikavitundika kwa pini, mstari mzima, vikipepea kama nguo za ndege. Matone alilalamika kwamba chovyachovya humaliza buyu la asali. Akaambiwa buyu lenyewe lilikuwa la plastiki.

Halafu tukaanza kunusa, mmoja baada ya mwingine, na kila tulipochoka tulitoa vichwa nje ya dirisha tukavuta hewa. Watu wa chini waliokuwa bado wanazungumzia kilio changu wakatuona watatu, tumechomoza vichwa, macho tumefumba.

Ah, ile jioni. Sijui niieleze vipi. Nilikuwa sijawahi kuwa na kitu ambacho wengine wanakisubiri kutoka kinywani mwangu. Kila harufu mbaya ilitaka jina, na majina yalikuja yenyewe.

"Hii ni boksi lililonyeshewa," nilisema.

Matone akanusa. "Boksi. Wallahi boksi."

"Hii ni zahanati. Pale wanapokupangusa kabla ya sindano."

"Hiyo ni spiriti," Mama mdogo akasema, "itapaa. Nyingine."

"Hii ina pilipili kwa mbali. Hii ni rafu ya kabati jipya. Hii…" Nikarudia. Nikarudi kwenye kipande cha mwanzo, nikaenda tena cha mwisho. "Mama mdogo, hivi viwili ni chupa moja."

"Haiwezekani. Hiki kinanuka ndoo, hiki hakina ndoo."

"Ni ileile. Kama ya kichupa tulichomimina. Hiki kimelowa. Hiki kimeguswa tu."

Tulitazamana. Matone akainama kukagua pini, kwa kuwa tulikuwa tumeziweka kwa rangi, kila chupa na rangi yake, na pini zote mbili zilikuwa nyekundu.

Mdoli hakuwa ndani ya kichupa kama mdudu ndani ya mchele. Mdoli alikuwa ni vanila yenyewe ikilazimishwa kupiga kelele. Ukiigusa tu, ilikuwa maziwa. Ukiimimina, ikawa plastiki. Na sisi tulikuwa tumeimimina yote.

Mama mdogo akamtazama Matone. "Na wewe kila siku unasema matone mawili tu."

"Nasema," Matone akasema. "Tangu nianze kazi hii nasema. Kuna aliyewahi kunisikiliza?"

Tulicheka mpaka Mama mdogo akalazimika kukaa sakafuni, juu ya vipande vya bitana. Kisha tukachanganya upya, kichupa kidogo, kwa gliserini nyingine ya Matone, na mimi ndiye niliyeshika mrija. Matone alisema mchanganyiko hulazwa kabatini siku kadhaa, gizani, ndipo uelewane. Hatukuwa na siku. Tukauweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, tukautikisa kwa zamu. Mama mdogo akatoka ngazini. Safari hii sikusikia kikohozi. Matone akaanza kuuma kucha zake.

Akarudi ndani. Akachukua gauni la mteja lililokuwa linasubiri mikono, akaingiza pindo chini ya sindano, akashona mstari mrefu ulionyooka, bila kutetemeka, mpaka mwisho.

"Mbichi kidogo," akasema akikata uzi. "Lakini sina haja ya kwenda chini."

Watu wananiuliza siku hizi ilikuwaje nikawa mchanganyaji wa manukato ya sabuni na mishumaa, mimi nisiye na cheti cha chochote. Nawaambia nilianza na kamba ya vitambaa. Vepu yenyewe haikukaa sana kwetu. Mama mdogo alipunguza nikotini kidogo kidogo kama anavyopunguza kiuno cha gauni, mshono kwa mshono, mpaka ikawa anavuta vanila tupu, kisha akasema vanila tupu ni heri ainywe kwenye maziwa. Lakini hayo ni ya miezi mingi baadaye, na yalikuwa na siku zake mbaya, siku za kurushiana maneno na mito. Ninachokikumbuka kwa moyo unaodunda ni ile Ijumaa, na asubuhi iliyoifuata.

Jumamosi tuliamka mapema mno. Tulikuwa tumeoga, tumefungua madirisha, tumeketi kama wageni kwenye viti vyetu wenyewe. Mama mdogo alivaa blauzi aliyoitoa juu ya paa. Alinusa mikono yake, akaniletea na mimi niinuse, akaenda kuinawa, akaniletea tena.

"Safi," nikasema.

"Huninyimi neno?"

"Safi. Kabisa."

Gari likasimama chini. Tukasikia hatua kwenye ngazi, za polepole, za mtu aliyebeba kitu asichotaka kukitikisa. Mama mdogo akasimama, akakaa, akasimama. Nikafungua mlango mimi.

Dada alikuwa amekonda. Mtoto alikuwa kifuani mwake, amefunikwa mpaka kichwani. Hakusalimia. Alisimama kizingitini, unyayo mmoja nje, akainua uso taratibu, akavuta pumzi. Akaigeuza shingo upande wa mapazia, akavuta tena. Nilimwona Mama mdogo akikunja vidole vyake ndani ya sketi.

Kutoka chini ya shuka kikatoka kifilimbi chembamba, kisha pumzi, kisha kifilimbi.

Dada akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Halafu, akiwa amemshika mtoto kwa mkono mmoja na kujishikiza ukutani kwa mwingine, akavua viatu.